Kuacha Pombe si Kazi ya Mtu Mmoja

Mgeni akifika mpakani Rusizi II, upande wa Rwanda, akauliza mahali pa kupata kinywaji, hatatembea mbali. Ataonyeshwa duka lenye kreti za bia. Ataonyeshwa nyumba inayouza urwagwa wa ndizi. Na pengine, kwa sauti ya chini, atatajiwa kanyanga, ijapokuwa sheria ya Rwanda inaihesabu pombe hiyo miongoni mwa dawa za kulevya. Lakini akiuliza mahali wanapokutana watu walioacha pombe, ili naye akae nao, wale anaowauliza watatazamana. Si kwamba watu wa namna hiyo hawapo. Wapo katika kila mji na katika kila kambi. Ila kila mmoja wao anajitahidi kivyake, nyumbani kwake, kwa siri. Na wengi hurudi kwenye chupa kwa siri ile ile.

Makala haya yanakusudia kumweleza askari, awe wa jeshi au wa polisi, jinsi ya kuwatafuta wenzake hao, na la kufanya endapo hakuwapata. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuacha kunywa kwa siku moja si jambo gumu sana. Walevi wengi wameacha mara nyingi. Lililo gumu ni kukaa bila kunywa mwezi baada ya mwezi, na kazi hiyo watu wawili huiweza kuliko mtu mmoja.

ULINZI NA UPWEKE

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu ukateremka hadi Ziwa Tanganyika, nao ndio unaotenga Wilaya ya Rusizi, katika nchi iliyoitwa zamani Cyangugu, na mji wa Bukavu nchini Kongo. Maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Ruzizi, na mtambo wa pili, ulioanza kazi mwaka 1989, unamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Ni mahali penye watu wengi na lugha nyingi, na Kiswahili kinasikika pande zote mbili za daraja.

Lakini katikati ya watu wengi, askari wa mpakani mara nyingi ni mtu mpweke. Ametoka mbali, mke na watoto wamebaki Musanze, Nyagatare au Huye. Zamu yake ni ya usiku, na usingizi wake ni wa mchana. Ameona mambo ambayo hawezi kumsimulia mama yake, na ambayo mwenzake wa lindo asingependa kuyasikia. Jioni anapovua mkanda wake, kitu cha kwanza kilicho karibu naye ni chupa, na marafiki wa kwanza walio karibu naye ni wale wanaokaa kuizunguka. Kwa hiyo, anapoamua kuacha pombe, anaacha vitu viwili kwa mpigo: kinywaji, na watu. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu huweza kuvumilia kiu, lakini ni vigumu kuvumilia kiu na upweke kwa pamoja.

MARADHI, SI UKAIDI

Wakubwa wa zamani walizoea kumtazama mlevi kama mtu mkaidi ambaye dawa yake ni adhabu. Ni kweli kwamba anayelewa kazini amevunja amri, na kikundi chochote hakiwezi kumkinga asijibu kosa lake. Hata hivyo, madaktari wa leo wanakubaliana kwamba kutawaliwa na pombe ni maradhi yenye dalili zake na tiba yake. Nayo si maradhi madogo: Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilieleza kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani.

Askari atajijuaje? Daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alitunga maswali manne ambayo hutumika hospitalini katika nchi nyingi. Yanahusu mambo haya: kama mtu amewahi kuona kwamba yampasa apunguze kunywa, kama amewahi kukasirishwa na watu wanaomsema kwa unywaji wake, kama amewahi kujisikia vibaya moyoni kwa ajili ya kunywa kwake, na kama amewahi kuanza asubuhi kwa pombe ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana. Mwenye kujibu ndiyo mara mbili au zaidi anashauriwa kumwona mganga. Maswali haya hayamhukumu mtu. Yanamwambia tu kwamba wakati umefika wa kuzungumza na mwingine.

ONYO KWANZA

Kabla ya kuzungumza juu ya vikundi, lazima litolewe onyo ambalo limeokoa maisha ya wengi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula akiwa peke yake chumbani. Mwili uliozoea pombe huasi inapokatwa. Katika saa za mwanzo hutokea mtetemeko, jasho na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza wengine hupatwa na degedege kama la kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache huweweseka, wakaona vitu visivyokuwapo na wasijue mahali walipo. Na hali hiyo isipotibiwa huweza kuua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hospitali. Wilayani Rusizi ziko hospitali za Gihundwe na Mibilizi, pamoja na vituo vya afya katika tarafa. Humo mgonjwa hupewa dawa za kutuliza mwili kwa siku chache chini ya uangalizi, na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo na ambayo ukosefu wake huharibu ubongo. Askari aliye katika hali hiyo asishike silaha. Bunduki irudishwe ghalani mpaka mganga aseme yuko salama. Kufanya hivyo si kumdhalilisha. Ni kumlinda yeye na wale walio pamoja naye.

Lakini dawa hizo humaliza kazi yake katika juma moja au zaidi kidogo. Mwili umetulia, mgonjwa anaruhusiwa, anarudi kambini jioni ya siku ya mshahara, na wenzake wanamwita. Ni nani atakayekuwa pamoja naye saa hiyo? Hilo ndilo swali ambalo kikundi hulijibu.

MTU ALIYETAFUTA MWENZAKE KWA SIMU

Chama kinachojulikana zaidi ulimwenguni katika kazi hii ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao. Wasemao Kifaransa hukiita Alcooliques Anonymes. Mwanzo wake una mafunzo kwa kila mtu anayetafuta msaada mahali ambapo hakuna anayemfahamu.

Mmoja wa waanzilishi wake, Bill Wilson, alikuwa afisa kijana wa mizinga katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni huko jeshini, mjini New Bedford mwaka 1917, alikoanza kunywa. Baada ya vita alifanya kazi za fedha, akapanda, akaanguka, akalazwa hospitalini mara kadhaa kwa sababu ya pombe. Mwezi Mei 1935, akiwa ameacha kwa miezi michache tu, alisafiri kwa biashara hadi mji wa Akron katika jimbo la Ohio. Biashara ilimharibikia. Akabaki hotelini peke yake, na kelele za baa zikimfikia pale ukumbini. Wilson alitambua kwamba akiingia mle baa amekwisha. Badala yake alikwenda kwenye simu, akatazama orodha ya makanisa ya mji ule, akaanza kupiga, akieleza kwamba anamtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye.

Alipelekwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa karibu kumnyang'anya kazi yake. Daktari huyo alikwisha kusikia mahubiri mengi na ushauri mwingi. Safari hii alimsikia mtu ambaye hakumhubiria. Alimweleza tu yaliyompata yeye mwenyewe. Tarehe 10 Juni 1935 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ambayo Smith alikunywa mara ya mwisho, na pia siku ya kuzaliwa kwa chama. Mwaka 1939 walichapisha kitabu, na jina la kitabu hicho likawa jina la chama chenyewe.

Tuangalie vizuri jambo lililotendeka. Wilson hakukuta kikundi pale Akron, kwa kuwa hapakuwa nacho. Alitafuta mtu mmoja, na walipokaa wawili, kikundi kikawapo. Tena hakumtafuta Smith ili amwokoe Smith. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asinywe jioni ile. Kanuni za chama hicho hata leo ni nyepesi: sharti la kuingia ni kutaka kuacha pombe, hakuna ada, hakuna anayetangazwa jina, na walevi wawili au watatu waliokutana kwa nia hiyo wanaweza kujiita kikundi.

Je, njia hii inafaa kweli, au ni maneno matamu tu? Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, inayopima ushahidi wa tiba mbalimbali, ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Ilionekana kwamba matibabu yaliyopangwa kwa makusudi ya kuwaunganisha wagonjwa na vikundi hivyo yaliwasaidia wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko matibabu mengine yaliyolinganishwa nayo. Na kwa vipimo vingine hayakuwa nyuma. Kwa hiyo mganga anayempeleka mgonjwa wake kwenye kikundi hamtupi. Anaendeleza tiba.

MAJESHI YALIYOTANGULIA

Askari mwingine atasema kwamba mambo haya ni ya raia, na kwamba jeshini hayawezekani. Historia inasema vingine. Mwaka 1862, mjini Agra nchini India, mchungaji aitwaye Gregson alianzisha chama cha askari wa Kiingereza waliokubaliana kutokunywa, na baadaye majenerali wenyewe waliunga mkono kazi ya namna hiyo katika jeshi lao.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 1965. Katika kituo cha jeshi la majini la Marekani mjini Long Beach, California, kamanda mstaafu Dick Jewell, ambaye mwenyewe alikuwa ameacha pombe, alishirikiana na daktari wa jeshi, Kapteni Joseph Zuska, kuanzisha mikutano ya mabaharia walevi. Wakati huo mlevi katika jeshi lile alitazamiwa kufukuzwa tu. Mikutano ilianza kidogo kidogo, ikazaa idara kamili ya matibabu katika hospitali ya jeshi ya mji ule. Na mwaka 1978 Betty Ford, mke wa aliyekuwa rais wa Marekani, alitibiwa humo. Jeshi halikuharibika kwa kukubali kwamba lina wagonjwa. Lilirudishiwa watu ambao lilikuwa limekwisha kutumia fedha na miaka kuwafunza.

MDUARA TUNAOUJUA

Hata hapa kwetu, kukaa katika mduara na kusemezana kwa ajili ya kupona si jambo geni. Nchini Rwanda, mwaka 2005, huko Byumba, ilianzishwa kazi inayojulikana kwa jina la Mvura Nkuvure, maana yake niponye nami nikuponye. Watu 10 hadi 15 wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa juma kwa muda wa majuma 15. Huanza kwa kujenga usalama, kisha kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana, mpaka kufikia kuzungumza juu ya maisha mapya na kumbukumbu za machungu. Kazi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya pombe, bali kwa ajili ya watu waliojeruhiwa na vita na mauaji ya kimbari. Lakini imeonyesha kwamba waliokuwa hawasemeshani huweza kuketi pamoja na kusaidiana, bila ya kila mmoja kuwa na daktari wake.

Unguja nako, tangu mwaka 2009, vijana walioacha dawa za kulevya wamekuwa wakiishi pamoja katika nyumba za upataji nafuu, ambamo waliotangulia kuacha huwaongoza wanaoanza. Tofauti za dini, lugha na desturi hazikuzuia njia hiyo kufanya kazi.

WAPI PA KUANZIA

Ndugu askari, ukiwa Rusizi II na umeamua, anza katika kituo cha afya au hospitali. Omba kuonana na muuguzi wa afya ya akili, kwa kuwa huduma hiyo imeshushwa hadi katika hospitali za wilaya. Usiombe dawa tu. Muulize swali hili waziwazi: je, miongoni mwa watu mliowatibu, yuko aliyeacha pombe ambaye atakubali kukutana nami? Muuguzi hawezi kukutajia jina la mgonjwa wake, lakini anaweza kumwuliza mgonjwa huyo, naye akikubali, mkakutanishwa.

Pili, wako wahudumu wa afya wa vijiji, wale wanaoitwa abajyanama b'ubuzima. Wao wanajua nyumba ambayo pombe ilikuwa ikileta kelele na sasa imetulia. Tatu, wako mapadre, wachungaji na maimamu. Kumbuka kwamba Wilson mwenyewe alianzia kwenye orodha ya makanisa. Ila tofautisha watu wa aina mbili: yule ambaye hajanywa maisha yake yote, na yule aliyekunywa akaacha. Wa kwanza anaweza kukuombea na kukupa mahali pa kukutania. Wa pili ndiye anayejua saa ya magharibi ya siku ya mshahara inavyokuwa.

Nne, kwa maradhi yaliyokomaa ziko hospitali kubwa. Hospitali ya Ndera karibu na Kigali, iliyoanzishwa na shirika la watawa la Ndugu wa Charité mwaka 1968, ina tawi la Icyizere huko Kicukiro linaloshughulika na waliotawaliwa na vileo, na tawi jingine liko Butare. Huye pia kuna kituo cha Isange. Kwa wasomaji wa upande wa Bukavu kuna kituo cha Sosame, ambacho nacho ni cha watawa hao hao. Lakini kutoka Rusizi kwenda Huye au Kigali ni safari ya kuvuka msitu wa Nyungwe, na mtu hawezi kuvuka Nyungwe kila juma. Anayetoka huko akiwa amepona bado anahitaji watu wa karibu, anaoweza kuwafikia kwa miguu.

IKIWA HUKUPATA, ANZISHA

Endapo umeuliza kote na hukupata kikundi, usikate tamaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vinatosha. Mtafute mtu mmoja mwenye nia kama yako, na mpatane mambo yafuatayo.

Chagueni siku moja ya juma na saa moja isiyobadilika. Kwa kuwa zamu za askari hubadilika, afadhali muwe na saa mbili za kuchagua, ya asubuhi na ya jioni, ili anayelinda usiku asikose. Mahali pasiwe kantini, wala ofisi ya mkuu, wala baa ambayo mtaagiza chai. Chumba cha darasa, chumba cha parokia au kivuli cha mti kilicho mbali na barabara vinatosha.

Kila mmoja aseme habari zake mwenyewe, si za mwenzake. Asimulie alivyokunywa, yaliyompata, na jinsi anavyoishi leo. Asikatizwe, asicheke mtu, asipewe mahubiri. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kusikiliza pia ni kuhudhuria. Mkutano usizidi saa moja. Aliyekunywa siku hiyo aruhusiwe kukaa na kusikiliza, lakini asiongoze mazungumzo. Msichangishane fedha zaidi ya ile ya chai, kwa maana penye sanduku la fedha hakukosi ugomvi. Mwisho wa mkutano kila mmoja awe na namba ya simu ya mwenzake, na ahadi ya kupiga kabla ya kunywa, si baada ya kunywa.

CHEO NA SIRI

Sasa tumefika penye ugumu wenyewe. Mwaka 2018 ulifanyika nchini Rwanda uchunguzi wa afya ya akili. Uligundua kwamba watu 61.7 katika kila 100 walijua kwamba huduma za afya ya akili zipo, lakini waliokwisha kuzitumia walikuwa 5.3 tu katika kila 100. Maana yake ni kwamba mara nyingi si umbali unaomzuia mtu. Ni aibu. Na kama raia anaona aibu mbele ya jirani, je, sajini ataonaje mbele ya askari anaowaamrisha paredi kila asubuhi?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, haitoshi kumwambia askari aache aibu. Yafaa aonyeshwe kwamba atalindwa. Ndani ya mduara, vyeo havikai. Aliye kapteni na aliye koplo wanaitana kwa jina moja tu, na kila mmoja anasema akiwa mgonjwa kama mwingine. Nje ya mduara, saluti inabaki pale pale, na neno afande linarudi mahali pake. Wala mduara si mahali pa kulalamikia amri za wakubwa. Mambo haya mawili yakichanganyika, kikundi kitakufa, na nidhamu itaumia. Mahali ambapo inakuwa vigumu mno kwa wakubwa na wadogo kukaa pamoja, si kosa kwa askari kutafuta kikundi cha raia, ambako yeye ni mtu miongoni mwa watu.

Siri ya kikundi ndiyo uhai wake. Lililosemwa libaki pale. Anayepeleka maneno kwa mkuu ili apate sifa, au kwa wenzake ili wacheke, amewafungia mlango wote watakaokuja baadaye. Lakini siri hiyo ina mpaka mmoja, na mpaka huo uelezwe tangu siku ya kwanza: mtu akisema kwamba anataka kujiua, au kumwua mwingine, naye anafikia silaha, wenzake hawana haki ya kunyamaza. Watamkalisha, watamwita mganga, na watahakikisha silaha haiko mkononi mwake.

MKE NA WATOTO

Ulevi hauli mtu mmoja. Mke anayehesabu saa za usiku, akificha mshahara chini ya godoro na kuwaambia watoto kwamba baba ni mgonjwa wa malaria, naye amechoka. Kwa sababu hiyo mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa yule afisa wa mizinga wa zamani, pamoja na mwenzake, waliunganisha vikundi vya jamaa za walevi chini ya jina la Al-Anon. Wake wa askari wanaoishi karibu karibu wanaweza kukutana kwa namna hiyo hiyo, hata kama waume zao bado hawajaamua kuacha. Huko hujifunza jambo gumu: kwamba si wao walioleta ulevi ule, na kwamba kumfichia mlevi makosa yake kila siku si kumsaidia.

UHAMISHO NA KUANGUKA

Adui mkubwa wa kikundi cha askari ni uhamisho. Mtu amekaa miezi 8 bila kunywa, kisha inakuja amri, na kesho yake yuko kwenye lori akielekea asikomjua mtu. Juma la kwanza katika kituo kipya ndilo la hatari, maana watakaomkaribisha watamkaribisha kwa bia. Dawa yake ni kutayarisha mapema. Kabla ya kuondoka, wenzake wamtafutie mtu kule aendako. Akikosekana, waendelee kuzungumza kwa simu siku na saa ile ile ya mkutano. Mabaharia wa chama cha Alcoholics Anonymous, ambao hawawezi kuhudhuria mkutano wakiwa baharini, walizoea kuandikiana barua kama njia ya kukutana. Askari mwenye simu mfukoni hana udhuru mkubwa kuliko wao.

Na akianguka? Wengi huanguka, wengine zaidi ya mara moja. Aliyeanguka asingoje mpaka apate sababu nzuri ya kueleza. Arudi mkutanoni juma lile lile, aseme ameanguka, aketi. Wenzake wasimtukane wala wasimsifu kwa ujasiri. Wamwulize tu ilikuwaje, ili wote wajifunze ni saa gani na ni njia ipi iliyomwangusha. Ikiwa amerudi kunywa sana kwa siku nyingi, lile onyo la kwanza linamhusu tena: aende hospitali.

NENO KWA WAKUU

Mkuu wa kituo hawezi kumwacha askari wake anywe mpaka ahukumiwe, kisha akasema alimwonya. Yako mambo machache yaliyo katika uwezo wake, na hayana gharama. Asitoe bia kuwa zawadi ya kazi nzuri. Chai na nyama choma huwafurahisha watu vile vile. Jioni ya siku ya mshahara apange mchezo au shughuli nyingine. Atofautishe aliyekuja mwenyewe kuomba msaada kabla ya kukosa na aliyekamatwa amelewa kazini. Wakitendewa sawa, hakuna atakayekuja mwenyewe. Anayeomba ruhusa ya saa moja kwa juma kwenda mkutanoni apewe, wala asiulizwe ni nani aliyekuwako wala ni nini kilichosemwa.

Juma moja lina saa 168. Katika hizo, askari huipa kazi yake saa nyingi, na aliye mlevi huipa pombe saa nyingi zaidi ya anazokiri. Kikundi kinamwomba saa moja, na mtu wa pili wa kukaa naye. Huyo wa pili yumkini yuko katika kituo hicho hicho, naye anangoja mtu aanze kuuliza.